Mchanga tuliombwa, ujuzi je?

Shule za kata zilijengwa na wananchi. Hilo hata wale wanaozibeza hawawezi kulikataa. Ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, mwaka 2004, na hasa Edward Lowassa alipoushikia bango akiwa Waziri Mkuu, watu walichanga fedha, wakasomba mawe, mchanga na maji, wakafyatua matofali. Shule zikasimama.

Sasa jiulize ndugu msomaji: tangu hapo, mwananchi yule yule ameitwa shuleni kwa lipi jingine? Kikao cha wazazi. Mchango wa dawati. Mwanawe kakamatwa na simu. Basi. Na elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, michango ya lazima ikapigwa marufuku, hata kile kiuzi chembamba kikakatika. Wazazi wakiitwa wanasema, "Si mlisema elimu bure? Mnatutakia nini tena?"

Tatizo ni kwamba jamii ilihesabiwa kama mfuko na mabega. Haikuwahi kuhesabiwa kama kichwa. Na kwenye suala la kumwandaa mwanafunzi kuchagua kazi, kichwa hicho ndicho tunachokihitaji.

Tuangalie hali ilivyo. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023, umeigawa sekondari katika mikondo miwili: elimu ya jumla na elimu ya amali. Machi 2024 TAMISEMI nayo ikatangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, zikafika 65. Zamani ulikuwa na PCM, PCB, HGL na wenzake wachache. Siku hizi kuna za michezo, sanaa, lugha, biashara hata dini.

Ni jambo jema kabisa. Lakini kijana wa miaka 17 anachaguaje kati ya mambo 65? Wengi wanachagua kwa kuangalia alama zilizotoka, au kwa kuwa rafiki kachagua hivyo, au kwa kuwa baba anataka daktari ndani ya nyumba. Mwalimu wa ushauri na malezi yupo, ila huyo huyo ana vipindi, ana zamu, ana madaftari ya kusahihisha, na yeye mwenyewe alitoka shule akaenda chuo akarudi shule. Tusimlaumu. Hawezi kueleza mauzo ya mbao yanavyokwenda kama hajawahi kuuza ubao.

Anayeweza kueleza yuko ng'ambo ya uzio. Shule iliyopo Keko imezungukwa na mafundi seremala. Ya Mufindi iko katikati ya misitu ya mbao, ya Mbarali iko kwenye mpunga, ya Kirumba inasikia harufu ya samaki. Kila kata ina muuguzi, afisa ugani, fundi magari, mshonaji, mama lishe anayejua hesabu za faida kuliko vitabu vingi vya biashara. Mwanafunzi anawapita kila asubuhi. Shida ni kwamba tumemfundisha kuwaona kama adhabu: "Usiposoma utaishia kuziba pancha kama yule." Halafu tunamwambia achague amali kwa moyo mkunjufu! Hapo unategemea nini?

Najua kuna wasomaji watakaosema haya tuliyaona. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, ilitaka shule na kijiji viwe kitu kimoja. Wazo lilikuwa zito, lakini sehemu nyingi likaishia kwenye jembe. Mwanafunzi alilima shamba la shule, mara nyingine la mwalimu, na aliyechelewa akaongezewa matuta. Kazi ikawa fimbo. Kosa hilo tusilirudie. Mwanafunzi aende kwa fundi kuona, kuuliza na kujaribu. Asiende kuwa kibarua wa bure.

Wenzetu wa mkoa wa Hyogo nchini Japani walianza mwaka 1998, miaka mitatu baada ya tetemeko lililoua watu zaidi ya 6,000, wengi wao huko huko. Wanafunzi wa miaka 13 na 14 wanatolewa darasani siku tano wanakwenda madukani, mashambani, zimamoto, kwenye shule za chekechea. Hawahitaji karakana mpya wala mashine, kwa sababu watu wa mtaa ndio wanaowapokea. Ni siku tano tu, lakini mtoto anarudi akijua anachokipenda na asichokiweza.

Sisi tuna muda kuwazidi. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka. Mwenye uwezo anampeleka mwanawe tuisheni, asiye nacho mwanawe anakaa kijiweni. Na ni katikati ya muda huo huo ambapo wahitimu wa 2023 walipewa nafasi ya kubadili machaguo yao baada ya matokeo kutoka. Yaani uamuzi mzito unafanywa kipindi ambacho hakuna mtu anayemsemesha kijana.

Kamati ya Maendeleo ya Kata ingeweza kuanzia hapo. Mtendaji na mkuu wa shule waandike orodha ya watu 30 wenye shughuli zinazoeleweka. Kijana apite kwa watatu, wiki moja moja. Waende wawili wawili, mchana tu, mzazi akiwa amesaini, mwalimu akipita kukagua. Kwa watoto wa kike hili si la hiari, wote tunajua kwa nini. Na fundi naye apate kitu: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Anayepokea wanafunzi apewe kipaumbele cha kupimwa na kupata cheti chake. Hapo hata heshima yake mbele ya watoto itabadilika.

Gharama zitakuwepo, nauli na chakula hasa, na zisipopangwa mapema mtoto wa maskini atabaki nyumbani kama kawaida. Lakini si gharama ya kujenga karakana 30.

Waliobeba mchanga wapo bado, na wengine mikono yao ina ujuzi wa miaka 20. Hawajawahi kuulizwa. Wadau mnasemaje? Fundi wa mtaani kwenu angekubali kupokea wanafunzi? Na wewe mzazi, mwanao aliyepata daraja la kwanza ungemruhusu akakae gereji wiki nzima? Tujadili, na tusidanganyane.