Akiba Haiozi: Mkate wa Nyumbani na Matunda Yaliyokaushwa

Katika kambi za jeshi na katika nyumba za polisi za nchi yetu ya Uganda, siku ya mshahara ina uso wake, na tarehe 20 ya mwezi ina uso mwingine. Siku ya mshahara mezani pana chai ya maziwa, mkate na siagi. Ifikapo tarehe 20 chai imebaki ya rangi, na mkate unachukuliwa dukani kwa kuandikwa daftarini. Mwenye duka huandika, mtoto huondoka na mkate kwapani, na mwisho wa mwezi askari hupokea mshahara ambao sehemu yake imekwisha kuliwa. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tunasema kwamba deni la mkate ni mojawapo ya madeni ambayo familia ya askari inaweza kuyamaliza kwa mikono yake yenyewe, na leo tunapenda kueleza kwa sababu gani na kwa njia gani.

Hatudai kwamba mkate ndio unaomletea askari shida. Karo ya watoto, ugonjwa, misiba na mahitaji ya wazee walioko kijijini vyote huugonga mlango wa mshahara kwa nguvu zaidi. Lakini mambo hayo huja kwa zamu, na mkate huja kila asubuhi. Gharama ya kila siku ndiyo ichimbayo shimo bila mtu kusikia kishindo cha jembe.

Isitoshe, bei ya mkate wa dukani haiamuliwi katika mitaa yetu. Uganda hulima ngano kidogo, hasa katika milima ya Sebei huko Kapchorwa na wilaya jirani, na katika nyanda za juu za Kigezi. Ngano nyingi tuilayo hununuliwa kutoka nchi za nje. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi wa Februari 2022, bei ya ngano ilipanda dunia nzima, kwa kuwa nchi hizo mbili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nafaka hiyo. Bunduki zililia mbali sana na sisi, lakini athari yake ilifika hadi kwenye meza ya konstebo wa Gulu na ya koplo wa Mbarara.

Sasa tugeuze macho upande wa pili. Msimu wa maembe unapofika katika Teso, Lango na West Nile, maembe huanguka chini ya miti yakaoza, na nzi ndio wanaokula karamu. Mananasi ya Luwero na Kayunga hujaa barabarani hadi muuzaji anakubali bei yoyote kabla jua halijazama. Ndizi mbivu zikizidi siku mbili tatu hutupwa. Ni kweli kwamba kiwanda cha matunda kilifunguliwa Soroti mwaka 2019, na ni jambo jema, lakini kiwanda kimoja hakiwezi kumeza maembe na machungwa yote ya nchi. Kwa hiyo tunanunua kwa mkopo kile kitokacho mbali, na tunatupa bure kile kilichopo mlangoni. Hiyo ni hesabu mbovu, na askari, ambaye amefunzwa kuhesabu risasi moja moja, hana haki ya kuikubali nyumbani kwake.

Kukausha chakula si elimu ngeni kwetu. Ndugu zetu wa Teso tangu zamani hukata viazi vitamu vipande vyembamba, wakavianika na kuviweka kwa ajili ya miezi ya njaa. Chakula hicho hukiita amukeke. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa Uganda wamekausha mananasi na ndizi kwa jua, na matunda hayo yameuzwa Ulaya. Kama Mzungu wa mbali hununua nanasi letu kavu kwa fedha nyingi, ni kitu gani kinachomzuia mwenye nanasi asilikaushe kwa ajili ya watoto wake?

Kazi yenyewe ni nyepesi. Tunda lioshwe, limenywe, likatwe vipande vya unene wa nusu sentimita hivi, kwa kisu safi na mikono safi. Vipande vipangwe juu ya wavu au chekeche safi iliyoinuliwa kutoka ardhini, visigusane, na vifunikwe kwa chandarua ili nzi na vumbi visipate nafasi. Jua likiwa kali, siku mbili hadi nne hutosha. Usiku na wakati wa mvua chekeche iingizwe ndani. Kipande kilichokauka hupindika kama ngozi na hakitoi maji kikibanwa. Kisha kiwekwe katika chupa kavu yenye mfuniko wa kukaza. Kikionekana kina ukungu, kitupwe. Kisikwanguliwe na kuliwa, maana ukungu una sumu ambayo jicho haliioni.

Basi matunda hayo yanahusiana vipi na mkate? Mkate wa hamira hutaka muda, hutaka mikono ya kukanda, na hutaka unga wenye nguvu. Uko mkate mwingine, mkate wa haraka, ambao hauhitaji hamira kabisa. Huinuliwa na magadi soda pamoja na kitu kichachu, kama vile maziwa ya mgando au maji ya ndimu. Viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ya kaboni dioksidi papo hapo, na hewa hiyo ndiyo inayouvimbisha mkate. Beking pauda hufanya kazi hiyo hiyo, ila ndani yake mna magadi soda na unga wa tindikali vilivyokwisha kuchanganywa kiwandani.

Mkate huu haukuzaliwa katika majumba ya matajiri. Huko Ireland, katika karne ya 19, magadi soda yalipoanza kupatikana madukani, watu wa hali ya chini waliokuwa na ngano laini na maziwa machachu yaliyobaki baada ya kusukasuka siagi, walioka mkate wao katika chungu cha chuma chenye mfuniko, makaa yakiwa chini na makaa yakiwa juu. Siku ya neema walitia zabibu kavu. Huko Uingereza, mwaka 1843, mwanakemia Alfred Bird wa Birmingham alitengeneza beking pauda kwa sababu mkewe hakuweza kula chakula chenye hamira. Nako Marekani, katika miaka ya 1930 wakati uchumi ulipoporomoka, mkate wa ndizi zilizoiva kupita kiasi ulienea majumbani, kwani ilikuwa dhambi kutupa kitu. Watu hao wote walikuwa na jambo moja linalowafananisha na sisi, nalo ni kwamba fedha zilikuwa chache na watoto walitaka kula.

Namna ya kuupika ni hii. Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, kijiko cha chai kimoja kisichojaa cha magadi soda, chumvi nusu kijiko cha chai, na sukari robo kikombe. Vichekeche pamoja ili magadi yaenee. Katika bakuli jingine changanya maziwa ya mgando kikombe 1, yai 1 na mafuta vijiko vikubwa 3. Matunda makavu, kikombe 1 kilichokatwakatwa, yalowekwe kwanza katika maji ya moto au chai kwa muda wa robo saa, yachujwe, kisha yapakwe unga kidogo ili yasizame chini. Baada ya hapo mimina vya majimaji katika vikavu, tia matunda, na ukoroge kwa mwiko kiasi cha kuchanganyika tu. Hapa ndipo wengi hukosea. Wakikoroga kwa nguvu kama wanaosonga ugali, mkate hutoka mgumu kama gamba. Tena usiuache ukae, maana hewa ile haimsubiri mtu. Sufuria iwe imekwisha kupata moto kabla hujachanganya.

Asiye na jiko la umeme asikate tamaa. Sufuria kubwa itiwe mchanga mkavu au mawe madogo matatu, iwekwe juu ya sigiri, na ndani yake iingizwe sufuria ndogo iliyopakwa mafuta yenye mchanganyiko. Ifunikwe, na makaa machache yawekwe juu ya mfuniko. Moto uwe wa wastani. Baada ya dakika 45 hadi saa 1, choma katikati kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, mkate umeiva. Makaa yaliyobaki baada ya kupika maharage ya jioni hufaa sana kuanzia, na hivyo gharama ya moto hupungua.

Faida nyingine ni kwamba mkate huu hautegemei sana ule mnato wa ngano unaohitajika katika mkate wa hamira. Kwa hiyo robo ya unga yaweza kuwa unga wa muhogo uliotayarishwa na kukaushwa ipasavyo, na sehemu ya sukari yaweza kuachwa, kwa kuwa tunda kavu lina utamu wake. Kila kikombe cha ngano kinachopunguzwa ni kikombe ambacho hatukukiagiza ng'ambo.

Yapo maneno ya kupinga, nasi hatuyakwepi. Wako wanaosema kwamba kuoka si kazi ya askari, ni kazi ya mke. Tunawajibu kwamba askari akiwa katika operesheni hupika, hufua na hushona kifungo chake bila kuona haya. Tena leo katika majeshi yetu wako wanawake wengi wavaao sare, ambao waume wao ndio wanaobaki nyumbani. Mikono inayoweza kufungua bunduki na kuifunga gizani haiwezi kushindwa na bakuli la unga.

Wako wengine wanaosema kwamba makaa, yai na maziwa vikijumlishwa, mkate wa nyumbani huenda usiwe rahisi kuliko wa dukani. Hoja hiyo ni ya haki. Mahali ambapo maziwa ni ghali na matunda hayapatikani, hesabu yaweza kukataa. Kwa hiyo tunashauri kila nyumba iandike gharama zake kwa mwezi mmoja, senti kwa senti, kisha ilinganishe na daftari la dukani. Hesabu ikikataa, mtu asilazimishe. Lakini ikumbukwe kwamba mkate wa nyumbani hununuliwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu haimdharaulishi mtu mbele ya mwenye duka. Vilevile tusifanye tunda kavu kuwa dawa ya kila kitu. Jua hupunguza vitamini C, na sukari ya tunda hubaki imekusanyika mahali padogo. Mwenye ugonjwa wa kisukari ale kwa kipimo, na watoto waendelee kupewa matunda mabichi.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo matatu. La kwanza ni la nyumbani. Siku ya mshahara, kabla ya jambo lolote la anasa, unga, mafuta na magadi soda ya mwezi mzima vinunuliwe vikawekwe, ili mama au baba anayebaki na watoto asiachwe na ahadi tupu. La pili ni la kambi. Maafande wakuu wa kambi wanaweza kuruhusu familia zijenge tanuri moja la matofali ya udongo, litumiwe kwa zamu, maana tanuri moja likipata moto huoka mikate ya nyumba nyingi kwa kuni chache kuliko sigiri ishirini. La tatu ni la akiba. Wanajeshi wana chama chao cha Wazalendo na polisi wana chama cha Exodus. Fedha zinazookolewa kwenye deni la mkate, hata ziwe kidogo namna gani, zipelekwe huko, zisipotee katika deni jingine.

Askari huhamishwa. Leo yuko Moroto, kesho yuko Kasese, na familia yake haiwezi kubeba shamba wala duka. Lakini chupa ya maembe makavu huingia katika sanduku la bati, na ujuzi wa kuoka huingia kichwani, ambako hakuna amri ya uhamisho inayoweza kuuacha nyuma. Mtoto aliyejifunza kukausha tunda na kuoka mkate akiwa na umri wa miaka 12 anaweza kuuza mikate akiwa na miaka 20, hasa ikiwa siku ya kustaafu kwa mzazi wake itakuja kabla nyumba ya kudumu haijajengwa.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu wa jeshi na polisi wasilidharau jambo hili kwa udogo wake. Msimu ujao wa maembe uwakute wana chekeche tayari. Akiba haiozi.