Niliendesha Baiskeli Kwenda Kazini Muscat, na Jua Halikuwa Shida Kubwa

Kila nikisema nilikaa Oman miaka miwili na nilikuwa naenda kazini kwa baiskeli, naulizwa maswali yale yale mawili. La kwanza: "Na lile jua?" La pili huja kwa sauti ya chini: "Kwani dini ya kule inaruhusu msichana?" Leo nayajibu yote mawili, halafu niseme lile ambalo hakuna anayeniuliza.

Tuanze na jua, maana silikatai. Mwezi wa sita Muscat hupita digrii 40, na juu yake kuna unyevu wa bahari. Hata serikali inajua. Kuanzia Juni hadi Agosti, watu wa mjengo na kazi nyingine za nje hawaruhusiwi kufanya kazi kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana.

Mimi nilikuwa nauza nguo dukani Ghubra na nikiishi Al Khuwair, kama kilomita tano hivi. Maduka mengi kule hufungwa saa saba mchana, yanafunguliwa tena saa kumi, kisha mnauza hadi usiku. Yaani siku moja ni safari nne. Teksi ilikuwa inakula karibu robo ya mshahara, na mama huku Kisauni anangoja nitume pesa. Nikanunua baiskeli kuukuu ya kike, ile isiyo na chuma cha katikati.

Basi nikajifunza. Asubuhi natoka mapema, napita upande wenye kivuli, nikifika nanawa na kubadilisha nguo. Siku za joto kali mchana sirudi nyumbani, najilaza stoo. Usiku narudi polepole. Na kuanzia Novemba hadi Machi hali ya hewa kule ni tamu, hata Mombasa haifiki. Ramadhani niliendesha nikiwa nimefunga, na kilichoniogopesha zaidi si kiu. Ni zile dakika ishirini kabla ya Magharibi, kila dereva akikimbilia futari. Watu wa Mombasa mnaijua hiyo mbio.

Sasa dini. Watu huzichanganya hizi nchi zote kana kwamba ni moja. Saudia ndiko kulikokuwa na marufuku. Mwaka 2013 iliripotiwa kwamba wanawake wameruhusiwa kuendesha, lakini kwa burudani tu, kwenye bustani na sehemu kama hizo, wamevaa abaya na wako na mwanamume wa familia. Kwa usafiri, hapana. Iran nayo, mwaka 2016, kiongozi wao mkuu Ali Khamenei alisema haifai mwanamke kuendesha baiskeli mbele ya wanaume wasio maharimu wake.

Oman si huko. Kwa miaka miwili hakuna polisi aliyenisimamisha. Mimi ni Mwislamu na navaa buibui. Nilishona fupi kidogo, nikavaa suruali pana ndani, cheni nikaifunika. Heshima yangu haikudondoka hata siku moja. Cheni ndiyo iliyodondoka, tena mara nyingi.

Siku moja ilidondoka nje ya kiduka. Bibi mmoja Mwomani aliyekuwa ananunua mkate akaniangalia nikihangaika na mafuta mikononi, akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Mwanangu, watoka wapi?" Nikamwamkia shikamoo. Wako wengi kule ambao familia zao zilitoka Zanzibar. Akaninunulia maji, akaniambia alipokuwa msichana Unguja alikuwa akipanda baiskeli na baibui lake, na hakuna aliyemshangaa. Kwa hivyo ukiniambia "mila zetu haziruhusu", nitakuuliza: mila za nani?

Haya, lile ambalo hamniulizi. Aliyetaka niache baiskeli alikuwa bosi wangu, na hakutaja haramu wala joto. Alisema, "Usiiegeshe mbele ya duka. Wateja watakuona kama mfagiaji."

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia vizuri. Asubuhi, wanaoenda kazini kwa baiskeli ni Wabangladeshi, Wahindi, Wapakistani: wafagiaji, watunza bustani, mafundi. Halafu tangu 2010, karibu kila mwaka mwanzoni, kuna mashindano ya Tour of Oman. Wanaume wanapanda Jabal Akhdar kwa nguo za kubana, na askari wanawafungia barabara. Hao wanapigiwa makofi. Mfagiaji anapigiwa honi. Baiskeli ni ile ile, magurudumu mawili. Tofauti ni nani amekaa juu yake, na kama anaendesha kwa kupenda au kwa kukosa nauli.

Na dharau hiyo inajengwa mpaka kwenye lami. Njia niliyokuwa nafuata kando ya barabara kuu ilikuwa inakatika ghafla, unajikuta kwenye mchepuko ambao magari yanaingia kwa kasi. Kuna jamaa wa Bangladesh tuliyekuwa tunasalimiana kila asubuhi kwa kupungiana mkono. Jioni moja gari lilimgonga pale pale kwenye mchepuko. Alivunjika mfupa wa bega, akakaa wiki nyingi bila kazi. Nilipohadithia dukani, swali la kwanza lilikuwa, "Alikuwa anatafuta nini barabarani na baiskeli?" Alikuwa anatafuta riziki! Hakuna aliyeuliza gari lilikuwa linaenda kasi gani.

Niliendelea kuendesha hadi mkataba ukaisha, lakini sitawadanganya: baada ya siku ile nilikuwa naogopa.

Sasa nimerudi, na msijione wema. Hapa kwetu nikisema nataka kununua baiskeli, rafiki zangu wanacheka: "Umefulia?" Njia ya baiskeli ikijengwa, kesho ni maegesho ya magari na stendi ya boda. Msichana akipita na baiskeli mtaani, wanaume watano wana maoni. Joto letu ni dogo kuliko la Muscat, na bado tunalisingizia.

Maoni yangu ni haya. Kabla ya kusema baiskeli haiwezekani kwenye nchi ya joto au ya Waislamu, waulize wanaoiendesha kila siku. Wapo, tena wengi, ila tumezoea kutowahesabu kama watu wenye safari. Wapewe njia isiyokatika, kivuli kidogo na mahali pa kunawa. Na wewe ukishika usukani, punguza mwendo ukimpita. Huyo naye amechelewa kazini kama wewe.