Fundi wa Nusu Siku: Simu Imekufa, Namba Haijafa

Vumbi lipo, jua lipo, foleni ya maji ipo, na simu mbovu zipo tele, kwa hiyo na kazi ipo.

Wageni waliofika juzi wanauliza, hawa fundi wa nusu siku ni kina nani? Jibu ni fupi. Asubuhi tuko machamba kama watu wengine, mchana jua likikaza tunarudi, tunatandika meza chini ya mwembe na kufungua simu za watu. Hatuna duka wala bosi. Ofisi ya kambi kompyuta ikiwagomea wanatuita, wakimaliza wanatulipa, tunarudi mwembeni. Siku nyingine hakuna hata mteja mmoja, tunabaki kuongea siasa.

Mwezi uliopita ulikuwa na mambo yake. Mzee mmoja alikuja na simu isiyoingiza chaji, ameshauza kuku wawili ili anunue nyingine. Tukachukua kijiti cha mti, tukachokoa tundu la chaja, ukatoka mchanga wa kujaa kijiko. Chaji ikaingia. Mzee akaangalia simu, akatuangalia sisi, akauliza, "Sasa kuku wangu?" Hapo hatukuwa na la kusema.

Mwalimu naye alikuja mbio na flashi yake, anasema mitihani yote imepotea, imebaki mishale midogo midogo tu. Tukamwambia mwalimu, kaa chini, unywe maji. Hicho ni kirusi cha kwenye vibanda vya fotokopi. Huwa kinayaficha mafaili, kinaweka alama za uongo mahali pake, na ukibonyeza alama hiyo kinahamia kwenye kompyuta yako. Faili lililofichwa si faili lililofutwa. Baada ya robo saa mitihani yote ikaonekana, na wanafunzi waliokuwa wanachungulia nyuma yetu wakasikitika sana.

Lakini leo tunataka kueleza jambo moja ambalo tangu lipite hatujalisahau. Mwenyewe ametupa ruhusa tuliandike, ila jina tuliache. Basi sisi tutamwita Mama.

Mama huyu alikuja jioni wakati tunakunja meza. Alifungua fundo la kanga, akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake simu ndogo ya vibonyezo. Akasema, "Wanangu, hii ilianguka baharini." Tukamuuliza lini, jana au juzi? Akasema, "Siku zile za Palma."

Hapa kwetu siku zile hazihitaji maelezo, lakini kwa watoto waliokuwa wachanga tuseme kidogo. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na mawasiliano ya simu yakakatika. Watu wakatoka kila upande, wengine wakakimbilia Quitunda na Afungi, wengine msituni kuelekea Nangade na Mueda, wengine majahazini hadi ufukwe wa Paquitequete kule Pemba. Mama alikuwa anapanda mashua, maji yamemfika kifuani, mjukuu yuko begani. Akachagua kumshika mjukuu, simu ikaenda. Kijana mmoja akapiga mbizi akaitoa, lakini ilikuwa imeshakunywa maji ya chumvi.

Fundi wa kwanza, huko alikopita, alimwambia hiyo imekufa, tupa. Hakuitupa. Miaka yote hiyo imekaa kwenye fundo la kanga. Sababu ni moja, ndani yake kuna namba ya mwanawe wa kiume, ambaye mara ya mwisho waliongea akiwa Mocímboa da Praia, kabla mji ule haujachukuliwa mwezi Agosti 2020. Namba yenyewe haikumbuki. Kwani nani siku hizi anakumbuka namba? Tunabonyeza jina tu.

Tuliifungua simu ile. Ndani ilikuwa kijani kama shaba iliyozikwa, maana maji hukauka lakini chumvi haiondoki, inaendelea kula chuma taratibu. Kama betri imo na umeme unapita, inakula haraka zaidi. Tukasugua kwa mswaki na spiriti, tukaanika kivulini, tukaweka betri nyingine. Kimya. Fundi wa kwanza hakusema uongo, simu ilikuwa imekufa kweli.

Lakini simu ni kitu kimoja na laini ni kitu kingine. Laini ni kipande cha plastiki chenye ubongo wake mdogo uliofunikwa vizuri, na kwa kawaida unaweza kubeba majina kama 250. Kampuni inaweza kuifunga namba yako, usiweze kupiga wala kupigiwa, lakini majina uliyoyaweka ndani ya laini hayafutiki kwa sababu hiyo. Tukachukua ufutio wa mtoto wa shule, tukasugua pole pole ile sehemu ya rangi ya dhahabu, tukaitia kwenye simu yetu. Mtandao hakuna. Tukafungua orodha ya majina.

Yakatoka. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Mama hajui kusoma, kwa hiyo tukawa tunamsomea. Kila jina anasema, "Huyu yuko Pemba," "Huyu amefariki," "Huyu simjui alikoelekea." Tulipofika jina la mwanawe akatushika mkono. Kwa bahati aliyemwekea namba ile aliihifadhi kwenye laini. Angeihifadhi kwenye simu yenyewe, ingekuwa imekufa nayo.

Tukaweka saldo, tukapiga. Ikaita. Wasomaji, tangu tuanze kazi hii hatujawahi kusikia simu ikiita kwa muda mrefu namna ile. Ikapokelewa na mwanamke. Tukaongea naye Kireno. Akasema yeye yuko Nampula, laini hiyo aliinunua dukani, huyo kijana hamjui.

Hapa inabidi tueleze. Namba ikikaa muda mrefu bila kupiga, bila kutia saldo, kampuni huifunga, na baadaye inaweza kuuzwa tena kwa mtu mwingine. Si wizi, ndivyo namba zinavyofanya kazi, kwani hazitoshi kulala bure. Namba kuuzwa tena si habari ya kwamba mwenyewe amekufa. Inaweza kuwa amepoteza simu, au yuko nchi nyingine na laini nyingine. Hayo tulimweleza Mama wakati yule mwanamke bado yuko hewani. Mama akasema, "Mwambieni asikate kwanza." Hakuwa na swali lolote. Alitaka tu asikate.

Yule mwanamke wa Nampula, Mungu ambariki, hakukata. Akasema hivi, "Si nyinyi wa kwanza. Kuna mama mwingine hunipigia mara kwa mara anamtafuta kijana huyo huyo. Mimi humwambia simjui, naye huomba msamaha, baada ya mwezi anapiga tena. Nimemwandika kabisa kwenye simu yangu, nikiona ni yeye nisikasirike." Tukamwomba atusaidie namba hiyo. Akasema hatagawa namba ya mtu asiyemjua, ila atampa yule mama namba yetu, akitaka atapiga mwenyewe. Tukaona amesema kweli, hata sisi tungefanya hivyo.

Haikupita nusu saa, simu ikalia. Alikuwa mdogo wake Mama, toka nitoke. Mama alikuwa anaamini kwamba huyo mdogo wake alivuka Ruvuma akaingia Tanzania. Kumbe yuko Pemba tangu mwaka 2021, alifika Paquitequete kwa jahazi siku chache baada ya Mama kuondoka. Miaka yote hiyo mmoja anapiga namba iliyokufa, mwingine ameifunga ndani ya kanga.

Waliongea nini, hayo si ya gazeti. Tuseme tu kwamba saldo iliisha, tukaweka nyingine, na hela hatukuchukua. Mwana bado hajapatikana. Hatutaki mtu asome hapa aondoke na furaha kuliko ile aliyoondoka nayo Mama. Alisema, "Nimempata mmoja, na sasa tunamtafuta wawili."

Kesho yake tulimsindikiza kwa watu wa Msalaba Mwekundu, wale wanaoshughulika na familia zilizopotezana. Sisi watu wa kompyuta tunadhani mambo haya yameanza na kompyuta, lakini sivyo. Katika vita vikuu vya kwanza, Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi Geneva, Uswisi, mwaka 1914, kazi yake kutafuta wafungwa wa vita na kuwapa habari jamaa zao. Waliandika kadi kwa mkono na kwa taipureta, zikafika kadi zipatazo milioni 7, zikipangwa kwa majina. Msione Geneva ni mbali. Vita hivyo hivyo vilifika mpaka hapa jirani Quionga, ambayo Wareno waliichukua kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Kazi ya leo ni ile ile: jina linawekwa huku, jina linawekwa kule, yakikutana ndugu wanakutana.

Kinachotakiwa ni kueleza vizuri. Jina kamili na jina la nyumbani, majina ya baba na mama, mahali na mwaka wa kuzaliwa hata kwa kukadiria, mlionana wapi mara ya mwisho na lini. Akina Mussa na akina Fátima ni wengi pwani hii, kwa hiyo jina la bibi aliyemlea linaweza kuwa ndilo litakalomtambulisha. Huduma hiyo ni ya bure. Mtu akikupigia akasema ameshamwona mwanao, utume hela kwanza ndipo akuunganishe, huyo ni mwizi. Kata simu, ukaulize ofisini.

Basi sasa, wasomaji, fundi wenu anaomba mambo machache, na yote hayahitaji hela.

Kwanza, leo jioni chukueni daftari la mtoto, andikeni namba tano za watu wenu wa karibu. Nakala moja ikae na BI na kadi za kliniki kwenye mfuko wa plastiki, nyingine apewe ndugu wa nyumba nyingine. Mbele ya namba wekeni +258, ili hata aliye ng'ambo ya Ruvuma aweze kupiga. Na namba za ndugu walioko Tanzania ziandikwe na +255.

Pili, kila mtoto anayejua kuhesabu afundishwe namba moja kwa kichwa. Namba zetu hapa Msumbiji ni tarakimu 9 tu. Waimbieni kama wimbo wakati wa kuoga. Mtoto akipotea, hatakuwa na simu wala daftari, kichwa chake atakuwa nacho.

Tatu, msiiache laini ikafa. Kama ni laini ambayo ndugu aliyepotea anaijua, itieni saldo kidogo kila baada ya muda, pigeni japo mara moja. Ikipotea nendeni mapema kwenye duka la kampuni na kitambulisho mwombe namba ile ile. Ndiyo maana laini isajiliwe kwa jina lako mwenyewe, siyo la jirani mwenye BI.

Nne, mwenye simu ya kisasa ahifadhi majina kwenye akaunti, siyo kwenye simu tu. Na neno la siri la akaunti liandikwe mahali. Asilimia kubwa ya wanaokuja mwembeni na machozi hawakuibiwa, wamesahau.

Tano, simu ikiingia baharini usiiwashe na usiichaji, hata kwa kujaribu. Kama betri inatoka, itoe, toa na laini. Halafu uisuuze kwa maji safi yasiyo na chumvi, ndiyo, maji, msishangae, kisha uilete kwa fundi upesi. Tumeulizwa kwa barua kama kuizika kwenye mchele kunasaidia. Mchele hauwezi kuondoa chumvi. Mchele wa mgawo upikeni.

Na la mwisho, linatuhusu sisi wenyewe. Ukileta simu kwa fundi, usimwambie PIN ya M-Pesa wala ya e-Mola. Hata sisi msituambie. Simu ya mtu ina picha za harusi, ina sauti za marehemu, ina na mambo ambayo mwenyewe hataki yaonekane. Sisi tunafungua vyuma, siri za watu hazituhusu.

Simu ya Mama tumemrudishia, maana alisema anaitaka hata ikiwa imekufa. Laini yake ya zamani tumeifunga kwenye karatasi. Majina yote tumemnakilia kwenye daftari kwa herufi kubwa, na mjukuu, yule aliyekuwa begani siku ile, sasa anajifunza kusoma, anamsomea bibi yake jioni jioni. Namba ya bibi mdogo wa Pemba anaijua kwa kichwa. Tulimpima wenyewe, hakukosea hata tarakimu moja.

Barua na maswali yenu yaleteni ofisini, au pale mwembeni baada ya saa nane mchana. Asubuhi msitutafute, tuko machamba. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.