Wageni Katika Nchi Yao

Yamekuwapo mazoea ya muda mrefu, maofisini, katika vitabu vya shule na hata magazetini, ya kumwita Mwingereza kila atokaye katika kisiwa cha Britania. Mtu wa Cardiff au wa milima ya kaskazini ya Wales hutiwa katika kapu hilo hilo. Twaona yafaa lisemwe wazi: watu wa Wales si Waingereza, wala hawajapata kuwa.

Jina la "Welsh" walipewa na Waingereza. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale, "wealh", lililokuwa na maana ya mgeni. Baadaye likachukua na maana ya mtumwa. Ajabu ni kwamba walioitwa wageni ndio waliokuwa wenyeji, na waliowaita hivyo ndio waliofika kwa vyombo kutoka ng'ambo ya bahari! Wenyewe hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja. Nchi yao ni Cymru, lugha yao Cymraeg.

Sisi watu wa visiwa hatuhitaji mkalimani katika jambo hili. Wenyeji wa kusini na mashariki ya Unguja waliandikwa miaka mingi kwa jina la Wahadimu, na yeyote aliyepita chuoni anajua kuwa neno hilo ni la Kiarabu na maana yake ni mtumishi.

Jina la dharau likifuatwa na sheria, madhara huzidi. Sheria ya mwaka 1536 iliiunganisha Wales na England, ikaamuru mahakama zitumie Kiingereza, na asiyekitumia asishike wadhifa. Katika karne ya 19, baadhi ya shule zilimvisha kibao shingoni mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake. Hata hivyo lugha haikufa. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000, karibu asilimia 18 ya wakazi. Na mwaka 2022 mamlaka ya hifadhi ya taifa huko kaskazini iliamua kuuita mlima mrefu kuliko yote nchini Yr Wyddfa, badala ya Snowdon.

Twawataka wakuu wa elimu, na wale watayarishao fomu za serikali, waandike Wales panapostahili Wales. Na wakusudiapo dola nzima, pamoja na England, Scotland na Ireland ya Kaskazini, lipo jina la Ufalme wa Muungano, ambalo kwa watu wenye Muungano wao halina ugumu wowote.