Krismasi Isiyoacha Taka Uani

Kila mwaka ifikapo tarehe 26 Desemba, mtu apitaye Amukura asubuhi huona moshi mweusi ukifuka nyuma ya nyumba nyingi. Si moshi wa kupikia. Ni sahani, vikombe na mifuko ya plastiki iliyotumika siku moja tu, sasa inachomwa ili ua upate kuwa safi. Isiyochomwa hupeperuka hadi malishoni ikaliwa na mifugo. Mimi mwenyewe nilipoteza ndama kwa njia hiyo. Alipopasuliwa, tumboni mlikutwa fundo la nailoni.

Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Lakini sisi tu watu wa mpakani. Uganda nayo ilitangaza kuizuia kavera mwaka 2009, ila utekelezaji ukalegea, na mifuko imekuwa ikivushwa Busia na Malaba kwa njia za panya. Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba mwenye kuamua ni yule anayekaribisha wageni.

Krismasi iliyopita nilijaribu. Tulikuwa watu 23. Niliazima sahani za bati kwa majirani, nikawaomba jamaa waje na vikapu. Tulikula ugali wa wimbi na muhogo, ambao Wateso huuita atap, kunde zilizoungwa kwa karanga, maharagwe, na jogoo wa kienyeji. Maharagwe niliyaloweka usiku kucha ili yaive kwa kuni chache; yalipochemka vya kutosha, sufuria ikafunikwa ndani ya kikapu kilichojaa majani makavu ya migomba, yakamalizikia humo bila moto.

Kazi hiyo haikunishinda. Kilichokaribia kunishinda ni aibu. Shangazi yangu aliitazama meza, akauliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, mmekosa hata pesa za mchele?” Swali hilo lilinichoma. Kwetu siku hizi wali na sahani ya kutupwa ni dalili ya uwezo, na wimbi ni chakula cha asiye nacho, ingawa sokoni gorogoro la wimbi ni ghali kuliko la mahindi! Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji wa leo huachiwa deni dukani na lundo la taka uani.

Walimu wenzangu, tusijitoe katika lawama hii. Tunawafundisha wanafunzi uhifadhi wa mazingira, kisha siku ya wazazi tunawapakulia wageni katika sahani za kutupwa, mbele ya wanafunzi hao hao. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa taka inatutaka tutenganishe zinazooza na zisizooza hata majumbani. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuitaja darasani?

Jioni ile taka zisizooza hazikujaza hata karai. Shangazi naye aliondoka na atap iliyobaki, imefungwa katika jani la mgomba. Kasoro ilikuwa moja, nami naikiri: sahani zote 23 zilioshwa na mabinti, ilhali wavulana walikuwa uwanjani wakicheza mpira. Krismasi ijayo zamu ni yao, na nimekwisha kuwaarifu.