Kompyuta Imempa Mwanangu Alama, Haijampa Elimu

Ndugu zangu, naomba niseme jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona misibani na harusini lakini hatutaki kulitoa hadharani. Watoto wetu wanapewa kompyuta badala ya kufundishwa, na sisi wazazi tunapiga makofi.

Mimi nilisoma kambini Nyarugusu, Kigoma. Ubao mmoja, watoto tumebanana kama dagaa, mwalimu mkimbizi kama sisi, mtaala wa Kongo kwa Kifaransa huku nje tunaongea Kiswahili. Siusifii umaskini ule, wala asije mtu akasema natamani watoto warudi huko. Lakini mwalimu yule alikuwa anakuita mbele, anakupa chaki, anasema: "Eleza." Ukishindwa, alijua kesho aanzie wapi.

Leo niko Louisville. Dada yangu alipelekwa Columbus, kaka yetu mkubwa Buffalo, maana mkimbizi hachagui mji, anachaguliwa. Tukipigiana simu Jumapili, hadithi ya shule ni ile ile katika miji yote mitatu.

Mwanangu ana miaka 14. Alileta alama nzuri za sayansi, nikafurahi. Nikamwambia, haya baba, nieleze maji yanavyogeuka mvuke hadi yakawa mvua. Kimya. Nikamwambia basi sema kwa Kiingereza. Akainuka kwenda kuchukua kompyuta! Ndipo nikaijua siri. Swali analinakili, analitia kwenye programu ya kutafsiri, kisha kwenye programu ya kujibu, na jibu linarudi limenyooka kuliko la mwalimu. Alama zinaingia. Hakuna anayemwambia "eleza".

Simlaumu mtoto. Ukimpa mashua mtu anayejifunza kuogelea, atavuka, lakini kuogelea hatajua. Mtoto aliyefika juzi anajifunza Kiingereza kwa kutafuta neno, kulikosea, kuchekwa kidogo, na kulirudia. Taabu hiyo ndiyo somo lenyewe. Mashine inamwondolea taabu, na somo linaondoka nayo.

Najua mtaniambia kwamba kompyuta zilituokoa wakati wa korona. Tusidanganyane. Shule zilifungwa Machi 2020, na hapa Louisville watoto walikaa mbele ya kioo karibu mwaka mzima. Buffalo walianza kurudi madarasani kidogo kidogo Februari 2021, na mwezi uliofuata wahalifu wa mtandaoni wakavamia mifumo ya shule hadi masomo yakasimamishwa. Columbus, Agosti 2022, walimu waligoma wakidai, pamoja na mengine, madarasa yasiyojaa kupita kiasi na majengo yenye kipozahewa. Mwaka mpya wa masomo ukaanza kwa watoto kuambiwa wafungue kompyuta. Mama anayefanya zamu ya usiku kiwandani angemsaidiaje mtoto kwa Kiingereza asichokijua? Masanduku yale yalikuwa dharura. Dharura imepita, masanduku yamebaki, na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 yamejifunza hata kuandika insha.

Wenye nchi wenyewe wameanza kushtuka. Mwaka 2025 Kentucky, Ohio na New York, majimbo yetu yote matatu, yalipitisha sheria za kuzuia simu za wanafunzi shuleni. Uswidi, nchi tajiri iliyotangulia katika mambo haya, mwaka 2023 ilianza kurudisha vitabu vya karatasi madarasani. Sisi bado tunapiga picha na maboksi ya kompyuta na kuyaita maendeleo.

Na mashine haikuishia kwa mtoto, imemfikia hadi mzazi. Jirani yangu alipokea ujumbe wa shule uliotafsiriwa na programu: kesho kuna "safari ya shamba". Mama wa watu akamnunulia mtoto mabuti ya mpira. Kumbe wanakwenda makumbusho! Tulicheka. Lakini siku ujumbe huo ukihusu mtoto kuhamishiwa darasa la chini, au kufukuzwa, nani atacheka?

Kuna sheria. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kile kile na dawati lile lile na wenzake si usawa. Leo mnampa kompyuta ile ile, tofauti iko wapi? Mwongozo wa serikali wa 2015 uliofafanua haki za wanafunzi hawa na wazazi wao ulifutwa Agosti 2025, lakini hukumu ile haijafutwa. Asiyedai haki yake asitegemee kuletewa nyumbani.

Kwa hiyo nasema hivi. Kwanza, tudai mkalimani mtu, si programu, kila tunapoitwa shuleni. Pili, tudai vitabu vya karatasi vinavyokuja nyumbani, na mitihani ya kuandika kwa mkono na kujieleza kwa mdomo. Tatu, bodi za shule katika miji hii mitatu zinachaguliwa kwa kura. Wengi wetu tumeshapata uraia, lakini siku ya kura tuko wapi? Tunabishana kuhusu Kinshasa!

Nne, na hili ni letu wenyewe. Kila jioni mwambie mwanao akueleze kwa Kiswahili alichojifunza leo. Akiweza, kimeingia. Asipoweza, kesho yake nenda shuleni ukaulize, hata kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza. Mimi nilikwenda na Kiingereza changu hicho hicho, nikakaa mpaka akatafutwa mkalimani. Sasa mwanangu anaandika sayansi kwenye daftari. Alama zimeshuka. Juzi, tukiwa jikoni, alinieleza mvua.

Naomba kutoa hoja.