DARASA LA NYUMBANI: Vikubwa Viwili Vikishindana

Askari mmoja wa Gatumba ameniletea daftari la bintiye. Swali lilikuwa: kisicho na mwisho kikigawanywa kwa kisicho na mwisho, jibu ni nini? Binti aliandika "moja", akakosa. Baba alitaka kumchapa, lakini alipoulizwa, naye akajibu "moja". Asione haya, nilipokuwa chuo cha ualimu nami nilijibu vivyo hivyo.

Tangu Aprili 2020, Mto Rusizi ulipofurika na maelfu ya watu wakahama, Gatumba inaijua thamani ya mtumbwi. Tuseme umekodi mtumbwi kwa faranga 12,000 kwa msimu mzima, na kila safari mpiga kasia hulipwa faranga 500. Kwa safari n, gharama ya kila safari ni (12,000 + 500n) ÷ n.

Safari 2: faranga 6,500. Safari 12: 1,500. Safari 120: 600. Safari 12,000, ingawa hakuna atakayezifikisha: 501.

Juu panakua pasipo mwisho, chini vilevile, lakini jibu halikimbilii moja, lakaribia 500. Hicho ndicho kikomo. Ukigawa kila sehemu kwa n utapata 12,000/n + 500, na kile kipande cha kwanza huyeyuka kadiri n inavyokua. Lakini n² ÷ n hukua daima, na n ÷ n² huelekea sifuri. Basi "kisicho na mwisho kwa kisicho na mwisho" si jibu. Ni onyo kwamba kazi haijaisha. Mfaransa Guillaume de l'Hôpital alichapisha mwaka 1696 kanuni ya kutatua mafumbo ya namna hii, aliyoipata kwa Johann Bernoulli.

Kutoa nako kuna mtego huo huo. (n + 7) − n ni 7 daima, lakini n² − n haina mwisho. Tazama Ziwa Tanganyika: maji mengi mno huingia kwa mvua na mito, mengi mno hutoka kwa mvuke na kwa Mto Lukuga. Yote mawili yana mwisho, lakini fundisho ni lile lile: asemaye "mengi kwa mengi, basi ni sawasawa" atalala ndani ya maji. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900; likipanda sentimita 1 tu, limeongezewa takriban mita za ujazo milioni 329. Tofauti ile ndogo ndiyo ibishayo hodi mlangoni.

Zoezi la juma hili: n ikikua pasipo mwisho, (6n + 40) ÷ (2n + 1) huelekea wapi? Jibu ni 3. Wazazi, msimwambie mtoto jibu hilo. Mwacheni alitafute, kisha mwulizeni amepita njia gani. Fimbo iwekeni kando.